Shirika Dogo au Kampuni Kubwa? Ulinganisho kwa Mwenye Barua Mbili za Kazi Nairobi

Mpwa wangu alinijia Jumamosi moja na barua mbili za kazi ndani ya bahasha moja ya kaki. Ya kwanza ilitoka kwa shirika la watu kumi na mmoja lenye ofisi katika nyumba ya zamani kule Kilimani, ya pili kwa kampuni ya mamia ya watu huko Industrial Area. Zote mbili zilikuwa za uhasibu, na zote zilitaka jibu kufikia Ijumaa. "Shangazi, ungekuwa wewe ungeenda wapi?"

Sikumjibu siku hiyo. Nimefanya kazi ya hesabu pande zote mbili: miaka sita katika ofisi ambayo siku tulipokuwa wengi kabisa tulikuwa tisa, na sasa mwaka wa saba katika kampuni ambayo wengi ninaopanda nao lifti siwajui majina. Kote kuwili nimeandaa mishahara ya watu, na anayeandaa mishahara huona mambo ambayo mtu aliyekuja kwa usaili haonyeshwi. Niliyomwandikia baadaye ndiyo haya, nikiyapanua kidogo kwa yeyote aliyekwama kama yeye.

Kwanza, "dogo" ni lipi? Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu biashara ndogo huita ndogo ile yenye wafanyakazi kati ya 10 na 50, na iliyo chini ya 10 huiita ndogo zaidi. Kwa kazi za mashirika na kampuni nampa mtu kipimo chepesi zaidi: ni mahali ambapo mkuu wa ofisi akikukuta ngazini anajua unashughulikia nini wiki hii.

Vipimo

Kabla ya kulinganisha chochote, andika kwenye karatasi unachopima. Wengi hupima kitu kimoja tu, tarakimu ya mshahara iliyo kwenye barua, na baada ya miezi minane wanaanza tena kutuma maombi. Mimi hupima sita: kazi yenyewe na utakachojifunza, pesa zitakazofika mkononi na mahali makato yanakokwenda, uhakika wa kazi, bosi na watu utakaokaa nao, njia ya kupanda, na saa zako, pamoja na safari ya kwenda na kurudi. Pesa nitazikalia kuliko vingine, kwa sababu hapo ndipo nimeona vijana wakiumia.

Kazi na utakachojifunza

*Shirika dogo.* Mwaka wangu wa kwanza niliandika vitabu vya hesabu, nikaandaa mishahara, nikaandika sehemu ya pesa katika ripoti za wafadhili, nikapanga foleni Times Tower, makao ya mamlaka ya mapato (KRA), kwa mambo ya kodi, nikatafuta bei ya wino wa printa mjini, na nikakaa na wakaguzi wa hesabu kutoka siku yao ya kwanza hadi ya mwisho. Mwaka wa pili mkurugenzi alinibeba kwenye mkutano na mfadhili, maana hakukuwa na mwingine wa kueleza kwa nini tulitumia zaidi kwenye usafiri. Nilikuwa na miaka 25. Jasho lilinitoka, lakini nilieleza, na wakakubali.

Faida ya mahali padogo ninayoithamini kuliko zote ni hiyo: unaona kazi nzima. Unaona pesa inavyoombwa, inavyoingia, inavyotumika, na mtu anayeisubiri upande wa pili. Nilipochelewesha malipo ya mafuta, nilijua asubuhi iyo hiyo, kwa sababu gari la kwenda Kajiado halikuondoka na wenzangu walikuwa wamesimama uani na mizigo yao. Huhitaji tathmini ya mwisho wa mwaka kujua kama kazi yako ina maana.

Upungufu wake ni kwamba hakukuwa na wa kunifundisha. Mengine niliyajifunza vibaya nikayabeba hivyo kwa miaka. Mimi ndiye niliyeandika hundi, mimi niliyeipeleka ikatiwe saini, na mimi niliyelinganisha vitabu na taarifa ya benki mwisho wa mwezi. Mwanafunzi yeyote wa mitihani ya uhasibu ya KASNEB huonywa kwamba mtu mmoja hapaswi kushika hatua hizo zote, ila ofisi ya watu tisa mtu wa pili inamtoa wapi? Pesa haikupotea hata siku moja. Ingepotea, nisingekuwa na njia ya kuonyesha kwamba si mimi.

*Kampuni kubwa.* Miezi kumi na minane ya kwanza nilifanya jambo moja: kulinganisha akaunti mbili za benki na vitabu, kila asubuhi. Kama kampuni ilipata faida au hasara, nilijua siku matokeo yalipotoka gazetini, kama mtu mwingine yeyote. Lakini hilo jambo moja nililijua barabara. Kulikuwa na mwongozo ulioandikwa, mtu wa kupitia kazi yangu kabla haijatoka, mafunzo yaliyolipiwa, na wenzangu saba wenye kazi kama yangu niliowauliza maswali bila haya. Huko ndiko nilikoelewa sawasawa kwa nini anayeomba malipo, anayeyaidhinisha na anayelipa hawawi mtu mmoja.

Pa padogo panamfaa anayejifunza kwa kushika, au ambaye bado hajui ni sehemu ipi ya fani yake anaipenda. Pa pakubwa panamfaa anayehitaji kusimamiwa ili aive. Kama fani yako inadai usajili, jambo hili si la hiari: mhandisi mhitimu lazima apate uzoefu chini ya mhandisi aliyesajiliwa, basi kabla hajasaini na kampuni ya watu wanane aulize kama mmoja wao ni huyo.

Pesa

Barua ya Kilimani ilisema shilingi 60,000 kwa mwezi. Ya Industrial Area ilisema 58,000. Mpwa wangu aliona tofauti ya 2,000 na tayari moyo ulikuwa umeegemea Kilimani. Nikamwambia asome aya ya tatu ya ile barua. Iliandikwa kwamba atalipwa kama mshauri, yaani si mwajiriwa, baada ya kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5.

Tukachukua kalamu. Kwa viwango vya mwaka 2025, mwajiriwa wa 58,000 anakatwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 6, yaani 3,480. Bima ya afya ya jamii, ile ya SHA, asilimia 2.75, yaani 1,595. Na ada ya serikali ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, yaani 870. Baada ya hapo kodi ya mapato ni kama 8,000. Zinabaki takriban 44,055. Mshauri wa 60,000 anakatwa 3,000 tu na kuondoka na 57,000. Ukiishia hapo, Kilimani imeshinda kwa karibu 13,000 kila mwezi, na ndivyo vijana wengi wanavyohesabu.

Lakini ile asilimia 5 ni malipo ya awali tu. Mapato ya 720,000 kwa mwaka, kama huna gharama za kazi za kuondoa, yanadaiwa kodi ya kama 124,600, na hapo 36,000 tu ndizo zimeshakatwa. Zinazobaki, karibu 88,600, ni juu yako kuzilipa kufikia mwisho wa Aprili mwaka unaofuata, na ritani, taarifa yako ya mapato ya mwaka, uwasilishe kufikia Juni 30. Nimeona kijana mzuri akilia mbele ya kompyuta mwezi wa Juni kwa sababu hakuna aliyemwambia. Juu ya hayo, mshauri hawekewi ule mchango wa NSSF ambao mwajiri humwekea mwajiriwa, sawa na anaokatwa, SHA anajilipia, na siku 21 za likizo ambazo sheria inampa mwajiriwa kila mwaka hana. Akiugua wiki mbili, hizo wiki mbili hazina pesa.

Sisemi mashirika madogo ni walaghai. Lile langu liliniandika kazi kisheria tangu siku ya kwanza. Mengi huandika watu kama washauri kwa sababu bajeti ya mfadhili haina nafasi ya michango ya mwajiri, au kwa sababu mwanzilishi mwenyewe hajui tofauti. Nilimshauri mpwa wangu awapigie simu awaulize kwa upole kama wanaweza kumpa mkataba wa ajira. Walimwandikia barua mpya: 54,000, na makato yote kisheria. Hapo mkononi zinabaki kama 41,500, na sasa alikuwa na vitu viwili vinavyoweza kuwekwa kwenye mizani moja.

Wala usidhani mtego uko upande mmoja. Kampuni kubwa nyingi za Nairobi huchukua watu kupitia mawakala wa ajira. Lango lina jina unalolijua tangu utotoni, lakini barua yako ina jina la wakala, mkataba ni wa miezi mitatu mitatu, na bima ile nzuri uliyosikia si yako. Soma jina lililo juu ya barua na lililo chini ya saini.

Halafu kuna swali la lini. Kampuni kubwa hulipa tarehe ileile mwezi hadi mwezi, na mwenye nyumba wako hupenda hivyo. Shirika dogo hulipa pesa ikiwepo. Kuna mwezi mmoja ambapo malipo ya mfadhili yalichelewa na sisi tukalipwa tarehe 11 ya mwezi uliofuata. Mkurugenzi alituita mezani, akatuonyesha taarifa ya benki, akatulipa sote kabla ya kujilipa. Namheshimu mpaka leo kwa hilo. Ila karo ya mtoto wa mwenzangu haikungoja heshima, na alilazimika kukopa.

Pesa zikipungua, kitu cha kwanza kucheleweshwa mara nyingi si mshahara bali makato. Kodi ya mapato ya mwezi inapaswa kumfikia KRA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na michango mingine nayo hudaiwa siku zizo hizo za mwanzo wa mwezi. Mfanyakazi haoni: hati yake ya mshahara inaonyesha amekatwa, kumbe pesa iko palepale kwenye akaunti ya ofisi. Baadhi ya taasisi kubwa za umma zimewahi kudaiwa kwa jambo hili, kwa hiyo ukubwa hauondoi hatari. Unaondoa ukimya tu, kwa kuwa kuna chama cha wafanyakazi au watu mia tatu wa kulalamika pamoja. Ukiwa mahali padogo, jikague mwenyewe kila baada ya miezi mitatu: piga *147# uone hali ya SHA yako, na chukua taarifa ya michango NSSF.

Kuhusu marupurupu, kampuni kubwa iko mbele na sioni haja ya kuzungukazunguka. Bima ya hospitali ya kikundi, mfuko wa pensheni, sacco inayokata kutoka kwenye mshahara, na benki zenye makubaliano na mwajiri wako zinazokupa mkopo bila kuuliza mengi. Mfanyakazi wa shirika dogo anaweza kujiunga na sacco iliyofunguliwa kwa umma na kupeleka akiba mwenyewe. Inahitaji nidhamu, lakini wapo wanaofanya hivyo na wamejenga.

Uhakika wa kazi

Watu husema kubwa ni salama. Nakumatt, ile kampuni ya supamaketi, ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifilisiwe. Mapema mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika ya Nairobi ya kila ukubwa yaliamka na kukuta miradi imesimama, na miongoni mwa walioandikiwa barua za kuachishwa walikuwemo watu wenye vyeo, wa mashirika yenye majengo ya ghorofa.

*Shirika dogo* huanguka haraka, kwa kuwa mara nyingi husimama juu ya mguu mmoja. Mfadhili mmoja, au mteja mmoja mkubwa. Kampuni ndogo zinazouzia serikali bidhaa zinajua uchungu wa kungoja malipo mwaka mzima huku mishahara ikidai. Hatari nyingine ni mwanzilishi mwenyewe: akiugua, akihama, au wakurugenzi wawili wakigombana, nyasi ni ninyi. Kwa upande mwingine, mahali padogo unaliona wingu kabla mvua haijanyesha. Sisi tulijua miezi sita kabla kwamba ufadhili unaisha, na kila mmoja alipata muda wa kutafuta.

*Kampuni kubwa* hutikisika polepole, lakini ikiamua kupunguza watu uamuzi hufanywa kwenye ghorofa ambayo hujawahi kufika, na wewe ni namba kwenye orodha. Kinachokusaidia ni kwamba utaratibu hufuatwa: Sheria ya Ajira ya 2007 inadai notisi ya mwezi mmoja kabla ya kupunguza wafanyakazi, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Sheria hiyo inawabana wadogo pia. Tofauti ni kwamba shirika lililoishiwa huwa halina la kukulipa hata ukishinda kesi.

Swali moja la usaili huniambia mengi kuliko mapambo ya ofisi: "Pesa mpya zikikoma kuingia leo, mnaweza kulipa mishahara miezi mingapi?" Mkurugenzi anayejua hesabu zake atajibu. Anayekasirika naye amejibu.

Bosi na wenzako

Huku ndiko tofauti inakoumiza au kufurahisha zaidi siku hadi siku.

*Shirika dogo.* Tulikula pamoja saa saba, githeri au chapati na ndengu kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa na kibanda kando ya barabara, na mezani hapo ndipo mambo mengi yalipoamuliwa. Nikiwa na wazo, nilivuka ukumbi nikamwambia mkurugenzi, na jioni tulikuwa tunalijaribu. Baba yangu alipofariki, ofisi nzima ilifunga siku mbili ikasafiri nami. Sijapata kuona jambo kama hilo tena na sitarajii.

Lakini bosi akiwa mbaya, hakuna ngazi ya juu yake. Mahali ambapo mwanzilishi ndiye mkurugenzi, mkewe ndiye mhazini na shemeji ndiye dereva, malalamiko yako yanarudi mezani kwa chakula cha jioni. Sheria yenyewe inawaachia wadogo nafasi: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ndiye anayelazimika kuwa na sera iliyoandikwa dhidi ya unyanyasaji wa kingono, na taarifa ya kanuni za nidhamu hailazimishwi kwa mwajiri mwenye chini ya 50. Haimaanishi huna haki. Ofisi ya kazi, katika jengo la NSSF pale Bishops Road, humsikiliza hata mfanyakazi wa pekee. Ila wewe binti unayeanza kazi kwenye ofisi ya watu wanne, tazama kwa makini nani atabaki nawe jioni, na umuulize aliyeshika kazi hiyo kabla yako kwa nini aliondoka. Mtafute umpigie. Usione haya kwa hili.

*Kampuni kubwa.* Kuna idara ya wafanyakazi, kuna njia ya malalamiko, na ukishindwana na msimamizi unaweza kuhamishwa idara bila kupoteza kazi. Urafiki upo, lakini wa watu wachache wa meza zenu. Siasa zipo pia, na ni za kimyakimya: barua pepe inayonakiliwa kwa watu kumi, mkutano ambao hukualikwa. Mtu mpole anaweza kukaa miaka mitano bila mwenye uamuzi kumjua jina.

Kupanda

Mahali padogo unapanda haraka mpaka unagonga dari, na dari ni kiti cha mwanzilishi. Nilitoka mhasibu msaidizi nikawa mkuu wa fedha kwa miaka mitatu. Kisha nikakaa mitatu mingine palepale, kwa kuwa hakukuwa na pa kwenda. Kampuni kubwa ina ngazi nyingi fupi na foleni ndefu kwenye kila moja.

Ukitoka, jina la kampuni kubwa hufungua mlango hata kabla hujasema neno. Jina la shirika dogo lazima ulieleze. Lakini mdhamini wako wa shirika dogo atakuzungumzia kwa dakika ishirini akitoa mifano, wakati idara ya wafanyakazi ya kampuni kubwa itathibitisha tarehe ulizoanza na kumaliza. Nilipata kazi niliyo nayo kwa ile simu ya dakika ishirini.

Saa na safari

Shirika dogo hukupa ruhusa kwa neno moja: mtoto ana homa, nenda. Wengine huruhusu kazi ya nyumbani siku mbili kwa wiki, na kwa anayeishi Rongai au Kitengela hilo ni sawa na nyongeza ya mshahara, ukihesabu nauli na saa zinazoliwa na foleni ya magari. Kampuni kubwa inataka ujaze fomu, lakini fomu ikitiwa saini umeondoka kweli, kuna wa kushika nafasi yako.

Mahali padogo hakuna wa kushika. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili, sheria ilinipa miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili, na ofisi ilinipa bila ubishi. Wiki ya tatu simu ikalia: mishahara haitoki, hakuna anayejua nywila wala mfumo. Niliiandaa nikiwa kitandani, mtoto kifuani. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa tisa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mtoto wa tatu nilimpata nikiwa kampuni kubwa, na kwa miezi mitatu simu ya kazi haikulia hata mara moja. Kama unapanga kupata watoto hivi karibuni, uliza nani atafanya kazi yako ukiwa likizo, na usitosheke na "tutaona".

Uende wapi, kulingana na hali yako

Kama ndiyo kwanza umemaliza chuo, huna wa kumlisha ila nafsi yako, na nyumbani kuna pa kulala pesa zikichelewa, shirika dogo lenye mkuu anayeheshimika litakupa katika miaka miwili kile ambacho kwingine kingechukua mitano. Hakikisha tu ni mkataba wa ajira, ulioandikwa, na kwamba kuna mtu mmoja, hata wa nje, anayejua fani yako kuliko wewe na atakayepitia kazi yako.

Kama wewe ndiye unayelipa karo ya wadogo zako, au mzazi wako yuko kwenye dawa za kila mwezi, tarehe ya mshahara na bima ya hospitali zina uzito kuliko raha ya kazi. Nenda kubwa, mradi barua iwe ya kampuni yenyewe na si ya wakala. Ujuzi mpana utautafuta kwa kuomba kuhamishwa idara kila baada ya muda.

Kama una mkopo wa elimu ya juu wa HELB, mkopo wa sacco na mwingine wa benki, kumbuka makato yote kwa jumla hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara wako. Mahali padogo ambapo hakuna anayefuatilia hilo unaweza kujikuta unapokea nauli tu. Piga hesabu kabla ya kuhama.

Kama umekaa kampuni kubwa miaka minane na hujui tena kazi yako inamfikia nani, shirika dogo linaweza kukufaa kuliko linavyomfaa kijana, kwa sababu unaingia na kile wanachokikosa: utaratibu. Weka akiba ya mishahara ya miezi sita kwanza.

Kama unawaza kufungua biashara yako siku moja, fanya kazi mahali padogo angalau mara moja, karibu na anayeshika kitabu cha hundi. Huwezi kujifunza kwingine jinsi mtu anavyolala usiku wa tarehe 28 akiba ikiwa haitoshi.

Kama unahitaji usajili wa fani, mfuate aliyesajiliwa popote alipo.

Na kama barua zote mbili ni nzuri na bado umekwama, fanya nililomwambia mpwa wangu Alhamisi: nenda kila ofisi saa kumi na moja jioni, simama ng'ambo ya barabara, uwatazame wanavyotoka. Alirudi na miguu yenye vumbi la Industrial Area na jibu lake, na sikumuuliza maswali zaidi.